Mke wa Mzungu Mwenye Mwavuli

Mpaka leo nikiulizwa yule mwandishi wa Kizungu alikuwa nani kwetu, nababaika. Kumwita mgeni siwezi, maana bibi yangu mzaa baba alimwita mjukuu kwa siku mbili, akamkaripia kama mjukuu na kumwamuru amalize ndizi sahanini kama mjukuu. Kumwita ndugu nako siwezi. Undugu wenyewe ulianza na kwisha katika likizo moja ya shule, na mimi niliyekuwa katikati nikitafsiri ndiye niliyeelewa kidogo kuliko wote.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilifundisha watoto wa darasa la kwanza mjini Mbeya, nilikuwa na Kiingereza cha shule ya misheni na baiskeli ya kike, na nilijiona nimeimaliza dunia. Baba alikuwa seremala. Bibi alikuwa amekuja kutoka Rungwe kukaa nasi kwa muda, kwa sababu watu wa mchumba wangu walikuwa wameleta posa na mazungumzo ya ng'ombe yalikuwa hayajaisha. Wanawake hawakai kwenye kikao hicho, lakini bibi hakuamini kwamba baba anaweza kuzungumza habari za ng'ombe bila mtu kukohoa jikoni mahali panapostahili. Basi alikaa jikoni, akakohoa.

Mwandishi aliingia uani kwetu asubuhi moja ya ukungu, akiendesha Landrova mwenyewe. Alivaa suruali, nywele zake za mvi zilikatwa fupi, na umri wake haukuwa mbali sana na wa bibi. Kiswahili alikiokota Nairobi, nacho kilikuwa cha amri tupu: lete, ondoa, funga, haraka. Alimpa bibi mkono akiwa wima kama mlingoti. Bibi, aliyezoea kwamba anayemwamkia hupiga magoti, aliupokea ule mkono kama mtu aliyepewa samaki na hajui amweke wapi.

Kilichomleta alikieleza kwa Kiingereza, nami nikatafsiri. Mchungaji mmoja alikuwa amemwelekeza kwetu. Alikuwa anaandika kwenye magazeti ya kwao habari za wanawake wa zamani, wa enzi ya yule malkia wao mzee aliyevaa nguo nyeusi, waliojitosa Afrika peke yao na kupeleka habari magazetini wakati wenzao wamekaa nyumbani wakifuma soksi. Mmoja wao alikuwa shangazi wa baba yake. Huyo alitokea Ziwa Nyasa, akapanda Rungwe, akapita Usangu na Uhehe mpaka pwani. Mwandishi alitaka kumwona mtu yeyote aliye hai aliyemwona shangazi kwa macho.

Nilimwuliza kama ni kweli alisafiri peke yake. Akasema ndiyo, peke yake kabisa, na wapagazi wake, mpishi, mkalimani na watu wachache wa bunduki. Hesabu hiyo haikuniingia. Nilimtafsiria bibi kama ilivyosemwa, na bibi akasema labda kwao mtu haanzi kuhesabiwa mpaka awe na buti. Hilo sikulirudisha upande wa pili.

Kisha mwandishi akatoa picha. Palikuwa na hema, kiti cha kukunja, na mwanamke mwembamba mwenye gauni lililofungwa vifungo mpaka kooni, mwavuli mweusi mkononi na jua linawaka. Bibi aliishika picha mbali, akaisogeza karibu, akaigeuza kichwa chini miguu juu. Uso haukumwambia kitu. Ule mwavuli ndio alioukazia macho.

Akaniambia kwa Kinyakyusa, taratibu, "Huyu ni shemeji yangu. Mwulize, alimpeleka wapi dada yangu?"

Nilidhani ni uzee. Nikamwambia kwa upole kwamba aliye pichani ni mwanamke. Akanitazama kwa namna ambayo walimu wenzangu walikuwa hawajawahi kunitazama, akasema anajua, macho anayo, na nikae chini nisikilize kabla sijamtia aibu mbele ya mtu wa shemeji yake.

Hicho kisa sikuwahi kukisikia, na hata baba, aliyeacha randa yake na kuja kusimama mlangoni, hakuwahi kukisikia. Bibi alikuwa bado mtoto wa kuchunga ndama. Dada yake alikwisha kuvunja ungo, na baba yao alikuwa mkubwa wa kijiji. Ukaja msafara, na mbele yake anatembea mtu mwenye gauni na buti za kiume, bunduki inabebwa nyuma yake, na wapagazi wote wanamwita bwana. Wazee wakakaa kikao. Mwanamke akija ugenini huja nyuma ya mume au baba au kaka. Hupiga magoti, hufikia kwa wanawake, hupewa ndizi amenye. Huyu alitangulia mbele ya wanaume, akawaambia walale wapi na waamke lini. Hakupiga magoti kwa mtu. Alipokaribishwa kwenye chungu cha pombe ya ulezi alipokea mrija, akanywa pamoja na wazee, akafuta mdomo. Wazee wakaamua kwamba kilichomo ndani ya gauni hakiwahusu. Kwa kazi na kwa heshima, yule alikuwa mwanamume, na angetendewa kama mwanamume.

Kupitia mkalimani wake wa pwani, mgeni akaomba msichana wa kufuatana naye. Baba yao akamtoa binti yake. Kesho yake, kabla ya kuondoka, mgeni akamwachia baba ng'ombe aliokuwa amepewa na mkubwa mwingine huko nyuma, akaongeza majembe na jora la kitambaa. Sasa niambie, nani humpa baba wa msichana ng'ombe na majembe, kisha akaondoka na msichana? Hata mimi mwenye baiskeli nilijua jibu. Shangazi yao akamfunda bibi harusi, wakampaka mafuta mpaka akang'aa, akaondoka nyuma ya mwavuli. Bibi alisema hakulia sana. Kuolewa na mtu mkubwa namna ile haikuwa jambo dogo, na wenzake walimwonea wivu.

Hakukuja habari tena, si ya uzazi, si ya kifo. Na hapo ndipo penye mwiba. Kwetu binti akishaolewa ni wa kule alikoolewa. Akifa, watu wa mume ndio wanaoleta habari kwa wazazi wake, na mpaka watokee uani na habari hiyo, hakuna wa kuanza kulia. Ukilia kabla, unamwua kwa mdomo wako. Wazazi wa bibi walingoja, wakafa wakingoja. Kaka zake wakafa wakingoja. Amebaki yeye tu aliyeujua uso wa dada yake.

"Nikienda mimi kabla sijamlilia," bibi akasema, "atakuwa mtu ambaye hakuzaliwa."

Baba alirudi kwenye randa. Nami nikamgeukia mwandishi, na nikaona kwamba sijui pa kuanzia. Katika Kiingereza changu chote, cha vitabu vya kusomea na cha nyimbo za kanisani, hapakuwa na mahali ambapo mwanamke anamwoa mwanamke kwa ng'ombe wa kupewa njiani. Nilimweleza kama ninavyowaeleza watoto kujumlisha, kidogo kidogo, nikirudia. Alianza kwa kutabasamu. Kisha akawa mwekundu mpaka masikioni, akanitaka nirudie tena kuanzia wazee walipokaa kikao.

Mwishowe akasema kweli palikuwa na msichana. Shangazi yake alimtaja mara moja tu katika maandishi yake yote. Msichana aliumia mguu, akaachwa kwa watu wema mahali paitwapo Ilula, mbele ya Iringa, kabla njia haijateremka kwenye korongo la Ruaha. Aliambiwa angoje hapo. Kisha msafara ukaendelea pwani, na maandishi yakaendelea na habari ya viboko.

Bibi akauliza Ilula ni mbali kiasi gani. Nilimwambia kwamba kwa gari mtu anafika Iringa siku hiyohiyo barabara ikiwa na huruma. Maisha yake yote alidhani dada yake yuko ng'ambo ya bahari. Akafunga kanga yake vizuri, akasema basi twende.

Tuliondoka asubuhi iliyofuata, bibi mbele na mimi nyuma kati ya madebe ya petroli. Na ni kwenye gari hilo undugu ulipokamilika. Bibi aliupiga hesabu kwa sauti tukiwa bado hatujafika Chimala: mume wa dada yangu ni mume wangu pia, na mtoto wa mtoto wa ndugu wa mume wangu ni mjukuu wangu. Tangu hapo mwandishi akawa mjukuu. Bibi alimkataza kuvuta sigara kwa sababu mwanamke wa ukoo wake havuti, akamwambia ameketi vibaya, akamwuliza kwa nini hajaolewa. Nilitafsiri yote. Mwandishi alitupa sigara dirishani bila kubisha, na nadhani alipendezwa, maana alianza kuketi vizuri. Mimi huku nyuma nilikuwa nashindwa kuamua kama tumo kwenye mchezo wa kuigiza au kwenye jambo la kweli.

Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu mpaka Makambako, na kutoka hapo baridi ikaanza kuingia kwenye mifupa. Mwandishi aliniuliza, kwa Kiingereza, ni kitu gani hasa kinachomfanya msichana kuwa mke. Nikamweleza habari za ng'ombe wangu mwenyewe waliokuwa wanabishaniwa Mbeya. Akauliza kama nimeulizwa. Nikasema nimeulizwa na nimekubali. Kisha akauliza, je, ikiwa msichana anajua, na wazazi wanajua, na ng'ombe wametolewa, lakini mume ndiye asiyejua?

Nilikasirika. Nikamwuliza, mwanaume gani huyo anayeoa bila kujua. Akasema, akitazama barabara, kwamba huenda ni mwanamke anayesafiri peke yake. Bibi akataka kujua tunabishana nini. Nikamwambia tunazungumza habari za baridi, na hilo halikuwa uongo, kwa kuwa tulikuwa tumefika Mafinga na meno yalikuwa yanagongana.

Iringa tulilala kwa jamaa wa baba. Kulipokucha tukaingia dukani kwa Mwislamu mmoja mwenye kofia ya kufuma, mzee mwenye maneno matamu, ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka pwani akaona hali ya hewa inamfaa akabaki. Bibi alitaka blanketi. Nilipomweleza yule mzee tunakokwenda na tunamtafuta nani, aliacha kukunja blanketi. Akasema Ilula alikuwako mama mmoja Mnyakyusa, watu walimwita Mke wa Safari. Babu yake alimfahamu, na kila alipopita kwenda pwani yule mama alimsimamisha njiani kumwuliza kama amemwona mume wake huko, Mzungu, ana mwavuli. Watu wengine walimcheka. Babu hakucheka, kwa sababu na yeye alikuwa na wake wawili katika miji miwili, na alijua maana ya mtu kungojwa.

"Alikuwako?" bibi akauliza, maana neno hilo la Kiswahili alilielewa bila mimi.

"Alikuwako, mama," mwenye duka akasema. "Mungu amrehemu."

Hivyo ndivyo habari ya kifo ilivyotufikia, juu ya meza ya duka, kutoka kwa mtu asiye wa upande wa mume wala wa upande wetu. Niliogopa bibi ataanguka pale pale. Hakulia. Alisema huyu si mume na wala si mtu wa mume, kwa hiyo bado hatujaambiwa. Akalipa blanketi lake, akatoka nje akapanda gari. Mwandishi aliniuliza kwa nini bibi hakuonyesha huzuni, na nikamweleza kwamba hawezi mpaka aambiwe na anayehusika. Akauliza anayehusika ni nani. Nikamwambia, ni wewe.

Ilula wakati ule hapakuwa na mengi. Nyumba za nyasi na chache za bati, mashamba ya mahindi, na wanawake wameweka vitunguu na nyanya kando ya barabara wakingojea lori. Tuliuliza Mke wa Safari, na kila tuliyemwuliza akanyoosha mkono kwenye kilima kilekile. Juu yake palikuwa na nyumba safi na migomba michache iliyodumaa. Migomba haipapendi pale, ni pakavu. Bibi alipoiona tu alisema, "Ni yeye aliyepanda." Hakuna Mhehe ambaye angejisumbua hivyo.

Mama wa makamo alitoka nyumbani akifuta mikono, akatusalimu kwa Kihehe, "Kamwene." Alikuwa Mlutheri, mwenye msalaba mdogo shingoni na sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Tulipata kujua baadaye kwamba alilelewa na dada wa bibi tangu alipofiwa na wazazi, na nyumba ile ilikuwa ya mama yake huyo mlezi. Lakini wakati ule hatukupata nafasi ya kumweleza neno, kwa sababu macho yake yalivuka kwangu, yakavuka kwa bibi, yakafika kwa mwandishi anayepanda kilima kwa buti zake, amejikinga jua kwa gazeti. Akapiga magoti kwenye mavumbi.

"Bwana, umefika," akasema. "Mama alisema utafika. Karibu kwako."

Mwandishi alinigeukia. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeitwa ubaoni asiyejua hata somo ni lipi. Neno bwana alilijua, wapishi wote wa Nairobi hulisema, lakini hakuwahi kuitwa hivyo yeye. Nikamtafsiria. Nilikuwa na hamu ya kucheka na hamu ya kukimbia, na sikujua ipi itashinda.

Tukakalishwa kwenye mikeka, mwandishi akapewa kiti peke yake, na mama yule akatueleza kwa Kiswahili chake cha huko. "Huyu mama yangu alikuja na mguu imevimba. Bwana yake akamwambia, kaa hapa, nangojea... hapana, ningojee, nitarudi. Akakaa. Mguu ikapona, akakaa. Wanaume wakaja kumtaka, Wahehe wazuri, wenye ng'ombe, anawaambia yeye ni mke wa mtu. Wakamwambia rudi basi kwenu. Anasema mke hawezi kutoka pale mume amemweka, akirudi nyumbani baba yake atauliza umefanya kosa gani."

Kila jioni alifagia njia kutoka mlangoni mpaka barabarani, kwa kuwa mke huwa tayari. Misafara ilipokwisha na malori yakaanza, aliteremka barabarani kuchungulia kila lori lenye Mzungu. Misheni ilipokuja alitaka kubatizwa, mchungaji akamwuliza kama ana mume. Akasema anaye. Yuko wapi? Safarini. Anafanya kazi gani? Anatembea. Ni mtu wa namna gani? Ni mwanamke. Mchungaji aliondoka akikuna kichwa, na ubatizo ukaahirishwa mpaka mume arudi. Akafa kabla ya vita vya Hitla, akazikwa nyuma ya nyumba. Hawakufanya matanga yaliyo kamili. Mke hawezi kumalizwa bila watu wa mume wala watu wa kwao, na hapakuwa na wa huku wala wa kule.

Nikamtafsiria bibi kwa Kinyakyusa, nikamtafsiria mwandishi kwa Kiingereza, na katikati hapo kichwa changu kikawa mtungi uliotikiswa. Nilimwonea huruma yule msichana aliyepakwa mafuta. Nilimkasirikia baba yake, na wazee wa pombe, na yule wa mwavuli, kisha nikaona kwamba hakuna hata mmoja wao aliyedanganya. Kila mtu alifanya yaliyo sawa kwao. Nilitamani awepo mwongo mmoja, ningejua wa kumlaumu.

Mwishowe bibi akasema niulize swali moja, na niulize vizuri, nisiongeze wala kupunguza. "Mwulize mjukuu. Kwao, dada yangu alikuwa mke?"

Niliuliza. Mwandishi aliniuliza kwa sauti ya chini bibi angependa kusikia nini, nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Kwa hakika sikujua. Akisema ndiyo, dada amekaa kwa heshima maisha yake yote akimngoja mumewe, naye mwandishi ndiye mtu wa mume aliyeleta habari, na bibi anaweza kulia. Akisema hapana, mwanamke amefagia njia mpaka kufa kwa ajili ya mtu asiyekuja wala asiyekuwa wake. Mimi ningesema ndiyo. Nilikuwa karibu kumwomba aseme ndiyo.

Alishuka kwenye kile kiti, akaketi mkekani, vibaya, miguu imenyooka.

"Mwambie hapana," akasema. "Shangazi yangu alidhani amepewa mtumishi wa njiani. Ng'ombe walikuwa shukrani ya kukaribishwa. Hakujua kwamba ameoa. Na hakurudi kwa sababu alisahau."

Nimetafsiri mambo mengi tangu siku hiyo, hata mahakamani, lakini hakuna yaliyokuwa mazito kama yale. Niliyasema yote. Neno la kusahau nililisema nikitazama migomba. Mama Mhehe, niliyemtolea kwa Kiswahili, alishika mdomo. Bibi alinitaka nirudie. Nikarudia.

"Hakuoa?"

"Hakuoa, Bibi."

"Na huyu si mjukuu wangu."

"Si mjukuu wako."

Aliinama, nikajisogeza nimdake. Lakini alikuwa anatafuta pa kushika ili asimame. Alipokwisha kusimama uso wake ulikuwa umebadilika, nami nikazidi kupotea, maana haukuwa uso wa mtu aliyevunjika. Ulikuwa uso wake wa jikoni, wa siku za kikao cha ng'ombe.

"Kwa hiyo hakuwa mke wa mtu," akasema. "Ni binti wa baba yangu, hajaolewa. Kumlilia sihitaji ruhusa ya ukoo wowote. Na mahali pake si hapa, mahali pake ni nyumbani."

Hapo ndipo nilipoelewa kidogo, kwa mara ya kwanza katika safari ile. Jibu nililoliogopa ndilo lililomrudishia dada yake. Mke angebaki kwa mume hata akiwa mfupa. Msichana wa nyumbani hurudi nyumbani.

Mama Mhehe alisikiliza nikimtafsiria, akafikiri, akasema jambo la haki. Huyu alikuwa mama yake, alimpa maziwa na jina, na kaburi hawezi kulitoa. Udongo wake tunaweza kuchukua. Wakaenda wote wawili nyuma ya nyumba, wakachimba kwa mikono, bibi akafungia udongo kwenye kanga yake, akaufunga mafundo imara. Mwandishi alitaka kusaidia kuchimba. Bibi akamwambia kwa adabu, kupitia kwangu, kwamba mgeni asijisumbue.

Alilitumia neno hilo njia nzima. Mgeni amechoka? Mgeni apewe chai. Mgeni akitaka kuvuta sigara avute. Tulipofika Mafinga mwandishi aliniuliza ni kosa gani amefanya, mbona hakaripiwi tena. Nikamweleza. Alisimamisha gari, akasema anaangalia tairi, akakaa nje kwenye baridi kwa muda mrefu kuliko tairi lolote linavyotaka. Sijui aliandika nini gazetini baada ya hapo, au kama aliandika. Aliporudi ndani, macho mekundu, bibi alikuwa amelivua blanketi lake jipya, amelifunika lile fundo la udongo lililokuwa mapajani, analisemesha polepole, akilionyesha milima.

Hatukusimama Mbeya ila kumchukua baba. Tulifika Rungwe mvua inanyesha. Habari zilikuwa hazijatangulia, kwa hiyo wanawake walitoka majumbani kushangaa gari, wakamwona bibi anashuka amekumbatia kanga kama mtu abebaye mtoto. Mwandishi alibaki amesimama karibu na mlango wa gari. Hakuna aliyejua akae upande gani wa msiba, hata mimi. Jirani wa bibi akamsogelea, akauliza nani amefariki.

"Msichana wetu," bibi akasema. "Alitumwa mahali, akachelewa kurudi."

Wanawake wakaweka mikono vichwani, wakaanza kulia.